Cherehani Haikuolewa

Mwendesha mashtaka yule husoma jalada akiwa amelifunika jina la mshtakiwa kwa kidole gumba, mpaka ajue kwanza kilichotendwa na nia ya aliyekitenda. Mjane aliyeshtakiwa kwa wizi wa cherehani alikikodolea macho kidole hicho. Cherehani yenyewe ilikuwa sakafuni, kidhibiti cha kesi. Shemeji yake alifoka kana kwamba mume akizikwa, jasho la mkewe nalo huzikwa: "Kaibeba kwangu mchana kweupe!"

Sauti ya mwendesha mashtaka, mwanamke naye, haikupanda. "Aliinunua nani?"

"Yeye. Lakini si aliolewa kwetu?"

"Aliolewa yeye, kaka, cherehani haikuolewa. Wizi ni kuchukua cha mwenzio bila haki, kwa nia ya kumnyima moja kwa moja. Huyu kachukua chake. Simpeleki mahakamani."

Akafunga jalada. Mjane akainama. Akalifuta gurudumu vumbi la stoo ya polisi kwa ncha ya kilemba chake. "Ibebe taratibu, mama," akaambiwa, na yule mwendesha mashtaka akainuka mwenyewe kumshikia mlango.