Dada Breki Aenda kwa Daktari

Dada yangu amenipa ruhusa niyaandike haya kwa sharti moja: niseme waziwazi kwamba kati yetu wawili, mnene ni mimi. Haya, nimesema. Atakayetukuta tumesimama pamoja ataamua mwenyewe.

Dada ni mwalimu wa udereva, huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Gari lake dogo jeupe lina breki ya pili upande anaokaa yeye, na kwa jinsi anavyoikanyaga, wanafunzi walimpa jina la Dada Breki. Ana mtindo wake ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Kwake hakuna kuendesha kimya. Kila unachokiona na kila unachotaka kufanya, unakitaja kwa sauti kabla hujakifanya. "Naona mama na mtoto wanataka kuvuka. Naangalia kioo. Napunguza mwendo." Ukinyamaza tu, gari linasimama ghafla na Dada anakugeukia: "Umekuwa bubu? Nitajuaje kilichomo kichwani mwako? Sema!" Watu wazima, tena wenye vyeo vyao, wametokwa na jasho jembamba ndani ya gari lile.

Sasa mtu huyohuyo, alipofika miaka hamsini na mitatu, alipatwa na jambo akalifungia mdomo mwaka mzima na nusu.

Hedhi ilikuwa imekoma kitambo, na alishangilia kwa kuniletea pedi zote zilizobaki kabatini mwake. Joto la ghafla lilikuja, akalitangaza kwa kila mtu, hata kwa askari wa barabarani, huku akijipepea kwa fomu za mtihani. Kisha ukaja ukavu. Ukavu wa ukeni, nasema hivyo maana ndilo jina lake. Pakawa panawasha, panachoma. Kukaa garini kutwa kukawa adhabu. Mkojo ukawa unambana kila saa, mpaka akajua choo cha kila kituo cha mafuta mjini. Na akiwa na mumewe faragha, ilikuwa kama mtu anamsugua kidonda.

Huyo mumewe, yaani shemeji yangu, ni fundi saa, mtu mpole asiyejua kupaza sauti. Miaka ishirini na tisa wamelala kitanda kimoja, wakichekeshana mpaka jirani anagonga ukuta. Dada alijikaza kisabuni, hakumwambia kitu. Akaanza kumpiga chenga: leo kichwa, kesho mgongo, keshokutwa uchovu. Baada ya miezi kadhaa shemeji akahamia kwenye kochi la sebuleni. Alisema ni kwa sababu ya mpira kwenye televisheni. Msimu wa mpira ukaisha, shemeji hakurudi chumbani.

Hapo ndipo Dada alipoogopa kweli. Aliamini mumewe amemchoka, na kwamba mwenye kosa ni mwili wake. "Unajua anavyoniaga asubuhi?" aliniambia baadaye. "Kama mpangaji anavyomuaga mwenye nyumba." Mimi ni mtu wa kucheka hovyo, lakini niliposikia hilo nililia.

Dawa alitafuta, ila kwa nusu ya maneno. Alikwenda duka la dawa akamwambia muuzaji, "Mkojo unachoma." Akapewa vidonge vya maambukizi, akamaliza dozi, hali ileile. Duka la pili akasema maneno yaleyale, akapewa vidonge vilevile vya rangi nyingine. Duka la tatu, hivyohivyo. Mara tatu! Mwanamke anayesimamisha gari kwa sababu mtu amesahau kutaja baiskeli, yeye anataja nusu ya ugonjwa halafu anashangaa haponi. Nikikumbuka natamani kumvuta sikio, ingawa ni mkubwa wangu.

Mimi nilimgundua jikoni kwake, namna alivyokuwa anakaa upandeupande kwenye kiti. Nikamuuliza, akaruka kimanga. Nikamuuliza tena, akanionyesha mlango. Mara ya tatu akaegemea sinki akasema, "Mdogo wangu, huko chini kumekufa."

"Kilichokufa hakiumi, Dada. Kesho tunakwenda kliniki."

Tulikwenda. Tukakaa kwenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa waya, Dada amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba kama mtu anayetafutwa. Namba yake ilipoitwa akanishika mkono, tukaingia wote. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Aliinua macho kutoka kwenye faili, akasimama wima.

"Shikamoo, mwalimu!"

Alikuwa mwanafunzi wake wa miaka sita nyuma, yule aliyegonga geti la chuo kwa kurudi kinyumenyume. Dada akageuka atoke. Bahati nzuri nilikuwa mlangoni, na nimeshaeleza nani mnene.

"Marahaba," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nimekuja kwa sababu mkojo unachoma."

Daktari akaandika. "Na nini kingine?"

"Ni hicho tu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mwalimu, unisamehe. Ningekuwa kwenye gari lako, hapa ungekuwa umeshanikanyagia breki."

Kisha Dada akatoa kicheko kidogo cha puani, akavua miwani, akasema. Alisema yote: kuwashwa, kuchomwa, maumivu, vidonge vya maduka matatu, kochi. Mimi nilitazama dari, maana niliyasikia ya shemeji ambayo sikuwa na haja ya kuyajua.

Ukaja wakati wa kupimwa. Dada alipanda kitandani nyuma ya pazia, nikasikia jinsi karatasi ya kitanda inavyotetemeka chini yake.

"Kila nitakachofanya nitakitaja kabla sijakifanya," daktari akasema. "Ukisema simama, nasimama. Sasa nawasha taa. Sasa naweka mkono kwenye goti lako. Naona ngozi imepauka, imekuwa nyembamba. Hiki ni kifaa, nimechagua kidogo, nimekipaka jeli. Naingiza."

"Taratibu kwenye kona," Dada akasema.

"Nimepunguza mwendo, mwalimu."

Wakaangua kicheko wote wawili, na mimi huku nje ya pazia nusura nianguke juu ya mzani.

Mkojo ulipimwa ukaonekana safi. Vidonge vyote vile vilikuwa kazi bure. Daktari alieleza kwamba hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua, kuta za uke huwa nyembamba na kavu, na njia ya mkojo nayo hupata shida. Huwapata wanawake wengi mno, ila wengi hujinyamazia. Akamuuliza kama amewahi kuugua saratani ya titi, au kutokwa na damu tangu hedhi ikome. Hapana na hapana. Akamwandikia krimu ya estrojeni ya kuweka ndani, kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki, pamoja na jeli ya kulainisha kwa ajili ya faragha. Akamkataza sabuni za manukato. Akamwonya asitegemee muujiza wa siku moja, na kweli nafuu kamili ilikuja wiki ya saba.

"Na mzee umwambie," daktari akaongeza.

"Nimwambie nini?"

"Hayahaya uliyoniambia mimi."

Dada hakusubiri kufika nyumbani. Tulitoka duka la dawa moja kwa moja hadi kibandani kwa shemeji. Alikuwa ameinamia saa ya mtu, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Dada akaweka mfuko wa dawa mezani, katikati ya skrubu zake, akamwambia yote kwa pumzi moja, mchana kweupe.

Shemeji akatoa kile kioo jichoni. Jicho lilikuwa limelowa.

"Nilikuwa nauona uso wako unavyojikunja," akasema. "Nikajua nakuumiza na unanionea haya kuniambia. Nikahama ili usiwe unaniogopa."

"Mimi nilijua umenichoka."

"Nikuchoke? Kochi limenivunja mgongo, na mpira wenyewe siupendi." Akajifuta jicho kwa mkono wa shati. "Basi leo narudi kitandani. Nitalala ukingoni kabisa, sikugusi mpaka upone."

"Nani kakwambia usiniguse?" Dada akasema. "Nimekukosa mwaka mzima. Nishike mkono."

Akaushika kwa mikono miwili, skrubu zikamwagika sakafuni na hakuna aliyeziangalia. Mteja akachungulia mlangoni akiwa na saa ya ukutani kwapani. Shemeji, ambaye sijawahi kumsikia akimrudisha mteja, akasema bila kugeuka:

"Tumefunga."

Ilikuwa saa saba mchana.