Bata wa Marehemu Baba na Beseni la Maji

Nakumbuka siku moja mama yangu alimkanda bata uso tangu kulipopambazuka mpaka adhuhuri, na kila nilipodhani amemaliza, alianza upya. Usicheke, mwanangu. Najua bata ni bata. Na hiyo simu iweke chini kidogo. Tangu ukae hapa unaipekua kutafuta dawa ya kila kitu, mpaka nami umenitia wasiwasi.

Tulikaa upande wa Kimulot, karibu na msitu, ambako mvua haibishi hodi. Baba alikuwa amefariki msimu uleule. Alinyeshewa akingoja gari la majani chai kwenye kituo cha kupimia, akarudi akitetemeka, kifua kikambana, na tulipompeleka hospitali tulikuwa tumechelewa. Aliacha shamba la chai, ng'ombe wachache, na bata jike aliyemnunua Kipkelion, karibu na stesheni ya zamani. Ndiyo sababu alimwita Stesheni. Majirani walifuga kuku na kumcheka baba, lakini bata yule alimfuata hadi kituoni na kusimama kwenye foleni ya wachumaji kana kwamba naye amebeba kikapu. Baada ya mazishi alianza kumfuata mama. Sisi watoto mama hakutusemesha sana siku zile. Bata alimsemesha.

Basi Stesheni akavimba uso. Kilianza kiuvimbe kidogo chini ya jicho, kama harage, kisha jicho likafumba na kamasi zikaganda puani. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, akamtazama vizuri, akatupa maagizo. Tumkande kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, asubuhi na jioni. Alale pakavu, mbali na moshi. Tumwekee maji ya kina, azamishe kichwa chote, maana bata husafisha pua na macho yake mwenyewe. Na dawa aliyotuachia tuichanganye kwenye maji ya kunywa, mayai tusiyale mpaka atakapoturuhusu. Uvimbe ukizidi, tumwite tena.

Katika yote hayo mama alishika neno moja tu, kukanda. Alikanda kwa maji ya chumvi, akapaka samli, akapangusa samli, akakanda tena. Bata alilazwa jikoni kando ya mafiga ili asipate baridi, moshi wa kuni mbichi ukimwingia usoni. Maji alipewa kwenye kikopo kidogo cha vifaranga. Na beseni? Mama alilificha chini ya kitanda, kwa sababu lilikuwa na maji, na kwake maji yalikuwa baridi, na baridi ndiyo iliyomchukua mumewe. Siku yetu ya kuchuma ikapita, majani yakakomaa shambani. Mimi nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilimwogopea bata, na zaidi nilimwogopea mama, maana alikuwa halali wala hali, na mikono yake haitui.

Siku hiyo ninayokumbuka ndipo Kogo alipokuja, bibi yetu mzaa baba, akitembelea fimbo yake. Aliingia jikoni, akakohoa kwa moshi, akamtazama bata, kisha akamtazama mama.

"Mama Chebet, hii bata umeikanda mara ngapi leo?"

"Mara mingi, mama. Haiponi."

"Na umeiacha ipone saa ngapi?"

Mama alichovya kitambaa tena.

"Maji yake iko wapi?"

"Mvua inanyesha, mama. Itaingiwa na baridi. Si wewe mwenyewe unajua baridi ilifanya nini hapa?"

Kogo aliketi polepole. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na katika nyumba ile hakuna aliyeweza kumfundisha Kogo msiba.

"Mimi ndio nilimzaa," akasema. "Hakuna siku silii. Lakini hii ni bata, na bata inataka maji. Hii mikono yako ilikosa kusaidia yule ameenda. Sasa inataka kumaliza huyu amebaki."

Nilidhani mama atakasirika. Aliinuka tu, akaenda chumbani, akarudi na beseni. Nililijaza, tukaliweka barazani, pakavu.

Stesheni alisimama mbele ya beseni, jicho moja tu likiwa wazi. Akachovya mdomo. Kisha akazamisha kichwa chote, akakitoa, akapiga chafya, uchafu wa puani ukaturukia. Mama alinyoosha mkono ampanguse. Kogo akaushika.

"Kaa. Wacha ijioshe."

Bata akazamisha tena na tena. Hapo mama akalia kwa sauti, mara ya kwanza tangu tumzike baba. Alilia mpaka akalala palepale kwenye benchi, mchana mweupe, mikono imefunguka mapajani. Kogo alimfunika shuka lake na kukataa aamshwe. Jioni nilimkanda bata mimi, mara moja, kisha nikamwacha.

Hakupona kesho yake. Mambo hayaendi hivyo. Uvimbe ulipungua kidogo kidogo, na asubuhi moja jicho likafunguka. Siku ya kuchuma ilipofika tena, mama alifunga aproni yake ya plastiki akaenda shambani katika manyunyu, na Stesheni nyuma yake. Hakumrudisha.

Sasa nisikie, mwanangu. Ukiuguza, awe mnyama au mtu, fanya ulichoambiwa kwa wakati wake, kisha ondoa mkono. Dawa ikizidi huwa sumu. Kabla hujauliza umwongeze nini mgonjwa, uliza umemnyima nini. Na ukiona mikono yako haitulii, usimchoshe aliye mbele yako. Jiulize kwanza mikono hiyo inamlilia nani, kisha ukalie.

Mungu akupe mikono yenye bidii, na siku bidii inapomaliza kazi yake, akupe mtu wa kuishika mikono hiyo na kukuambia kaa.