Msamaha Kabla ya Kesi

Sheria ya simu iliingia nyumbani kwetu kwa sura ya mfuko. Ulikuwa mfuko wa kitambaa kizito cha kijivu, wenye kufuli la sumaku, na mdogo wangu wa kike aliutupa juu ya meza ya jikoni kama mtu aliyeokota panya aliyekufa. Kuanzia wiki ile kila mwanafunzi wa shule yake, hapa Edmonton ya Waingereza, alitakiwa kuifungia simu yake humo asubuhi langoni na kuifungua saa ya kurudi nyumbani.

Serikali ilikuwa imetoa mwongozo kwamba shule zizuie simu kutwa nzima, na bungeni walikuwa wakibishana kama mwongozo huo ugeuzwe sheria kamili. Shule yake haikusubiri. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikifanya kazi ya muda katika ofisi ya kupangisha nyumba, na nilikuwa na tabia ya kusoma kila waraka wa serikali kana kwamba umeandikwa ili kunidanganya mimi binafsi. Nani amepima? niliuliza. Wamelinganisha shule gani na ipi? Kama simu ndiyo inayoharibu watoto, mbona walimu wanatuma kazi za nyumbani kwa simu hiyo hiyo?

"Simu ni shetani," mama alisema, akimenya viazi. "Bamefanya muzuri."

"Mama, si wewe uliyemnunulia?"

"Ile ni simu ya kazi."

Alisema kweli. Mama huwahudumia wazee majumbani mwao: anawaogesha, anawavisha, anawapa dawa na chai. Wakala anayempa kazi hatumi watu kwa kuwapigia. Hutuma ujumbe kwenye simu, kwa wahudumu wote kwa pamoja, na anayejibu kwanza ndiye anayeipata zamu. Mama anajua kusoma Kiingereza, lakini huwezi kukisoma huku umemshika bibi wa watu ndani ya bafu. Kwa hiyo mtoto ndiye anayejibu. Nilifanya kazi hiyo nilipokuwa sekondari, nikajibu "ndiyo" kwa niaba ya mama katikati ya masomo ya hesabu, na nilipoenda chuo ilihamia kwa mdogo wangu pamoja na chumba changu. Hatukuwahi kuiona kuwa ni jambo la ajabu. Nyumba nyingi za Wakongo ninazozijua zina mtoto mmoja ambaye ni ofisi.

Mdogo wangu akaanza kuweka simu mbovu ndani ya mfuko na nzima ndani ya soksi. Alikamatwa mara ya kwanza, akasimamishwa. Akakamatwa tena, akasimamishwa tena. Mara ya tatu ilikuwa kwenye korido. Mwalimu wa nidhamu alimwona akiandika, akamwambia ampe simu. Alikataa, kwa kuwa ujumbe ulikuwa haujakwenda. Mwalimu akanyoosha mkono. Kilichofuata kina masimulizi mawili. Shule ilisema mtoto alimpiga mwalimu usoni, miwani ikaanguka ikavunjika. Mdogo wangu alisema alivuta simu yake, ikachomoka, mkono ukaenda ulikoenda.

Mwalimu mkuu aliamua kumfukuza moja kwa moja. Kwa mtoto aliyebakiwa na mwaka mmoja na kitu kabla ya mitihani, hilo lilikuwa na maana moja: angepelekwa kituo cha watoto waliofukuzwa, upande wa pili wa wilaya, ambako nusu ya masomo aliyochagua hayafundishwi. Alitaka kusomea ufamasia. Kule hakukuwa na kemia.

Uamuzi wa mwalimu mkuu lazima upitiwe na wajumbe watatu wa bodi ya shule, na wao wanaweza kuamuru mtoto arudishwe. Nilisoma mwongozo wa kufukuza wanafunzi mwanzo hadi mwisho. Nikaona kwamba kosa kubwa au la kurudiarudia halitoshi peke yake. Ni lazima pia ionekane kwamba mtoto akibaki ataleta madhara makubwa kwa masomo au usalama wake au wa wenzake. Barua ya shule ilikuwa imeeleza kosa kwa kirefu na madhara kwa sentensi moja. Nilifurahi kama mtu aliyekuta ufa kwenye ukuta wa jirani asiyempenda.

Nikamketisha mama jikoni.

"Mama, kitu kimoja tu. Usiombe msamaha."

Alinitazama kama nimemwambia aingie kikaoni bila viatu.

"Nitaingia mbele ya batu bakubwa, mtoto yangu ako na maneno na mwalimu, na nikae tu kimya?"

"Kaa kimya. Mimi ndiye nitakayesema."

"Weye ni nani yake?"

"Dada yake. Sheria inaruhusu uje na mtu."

"Sheria," alisema mama, akarudi kwenye sufuria.

Ni lazima nieleze hapa jinsi tunavyofanya sisi, Wakongo wa Uvira, au angalau jinsi watu wa umri wa mama wanavyofanya. Pakiwa na ugomvi, upande wa mkosaji, au wa anayedhaniwa mkosaji, au hata wa mdogo tu kwa umri, huanza kwa kuomba msamaha. Hauombi kwa sababu umekubali. Ukweli bado haujaguswa. Unaomba ili watu waweze kukaa. Upande wa pili nao hujibu kwa kuomba msamaha wao, halafu ndipo maneno yenyewe yanafunguliwa, na hapo watu wanaweza kukatana bila huruma mpaka chai ipoe. Nilipokuwa mdogo niliona ni unafiki. Nilipokuwa chuo niliona ni hila ya wenye nguvu kuwazoesha wanyonge kuinama. Sikuwahi kuona kwamba ni jambo linaloweza kukupotezea kesi.

Kikao kilifanyika kwenye maktaba ya shule, viti vya plastiki, rafu ya vitabu vya kutisha nyuma ya mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa mama wa Kiingereza mwenye sweta la kijani, ambaye zamani alikuwa mhasibu; alituambia hivyo mwenyewe, kama kutuondolea hofu. Kando yake wajumbe wawili waliosema kidogo. Karani na kompyuta yake. Mwalimu mkuu. Na mwalimu wa nidhamu, kijana tu, pengine ananizidi miaka michache, akiwa na miwani mipya.

Mwenyekiti hakumaliza kututambulisha. Mama alisimama. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na koti la kazi juu yake, kwa kuwa angetoka pale kwenda kwenye zamu. Akashika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akakunja magoti kidogo, na kwa Kiingereza chake alichokifanyia mazoezi, nadhani, garini na bafuni na kila mahali nisipokuwepo, akasema:

"Tafadhali, wakubwa. Naomba msamaha kwa mwalimu, kwa jambo ambalo mkono wa mtoto wangu ulifanya. Naomba msamaha kwa nyumba hii."

Kisha akabaki amesimama hivyo hivyo, akingoja.

Nchi hii watu huombana msamaha kutwa. Kwenye basi ukimkanyaga mtu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Lakini ndani ya chumba chenye karani neno lile lina uzito mwingine, na hakuna aliyelijibu. Nilisikia vidole vya karani vikiandika. Mwalimu mkuu aliangalia karatasi zake kwa upole wa mtu aliyerahisishiwa kazi.

"Asante sana, mama," alisema mwenyekiti. "Kwa hiyo familia inakubali kwamba tendo lilitokea."

"Hapana," nikasema.

Mama akaketi. Nikaeleza. Nikasema ni desturi, si kukiri. Nikataja mwongozo, nikataja ukurasa. Nilijisikia nikiongea kama watu ninaowachukia ofisini, wale wanaokuambia kwamba maji yanayovuja darini si maji kwa tafsiri ya mkataba.

Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya.

"Naelewa," alisema. "Lakini nisaidie. Kama mama yako huomba msamaha iwe kuna kosa au hakuna, sisi tutajuaje siku anapokiri kweli?"

Lilikuwa swali zuri. Lilikuwa ndilo swali langu mwenyewe, nililomuuliza mama nilipokuwa na miaka kumi na tano, na hakunijibu.

Mdogo wangu ndiye aliyeongea. Yeye anaelewa kila kitu tunachosema nyumbani lakini hujibu kwa Kiingereza. Neno la kwetu analolitumia kila siku ni moja, "yaya", ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa.

"Nilipokuwa shule ya msingi," alisema, "mtoto wa jirani alinigonga na baiskeli mbele ya nyumba yetu. Nilifungwa plasta mkono mzima. Mama akaenda kwao kuomba msamaha."

"Mama yako ndiye aliyekwenda?" akauliza mwenyekiti.

"Eeh. Na mimi nikiwa nimesimama pale na plasta yangu."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Na mama wa yule mtoto alifanya nini?"

"Naye aliomba msamaha. Yeye ni Mkenya, anazijua hizi. Halafu wakaketi wakagombana nani alifanya nini. Saa nzima. Mpaka nikaenda kuangalia televisheni." Akamwangalia mama, kisha akaangalia meza. "Leo hakuna aliyemjibu. Ndiyo maana bado anangoja. Mwangalieni."

Tukamwangalia. Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani, macho yake kwa mwalimu wa nidhamu. Hakuonekana mnyonge. Alionekana kama mtu aliyepiga hodi na anajua kuna watu ndani.

Yule kijana alivua miwani yake, akaishika.

"Sikupaswa kunyoosha mkono," alisema. "Ningemwambia tu aende ofisini. Hilo nakubali, na ninaomba radhi."

Mwalimu mkuu aligeuka kumtazama. Mama aliitikia kwa kichwa mara moja, akaegemea nyuma, na kwa mara ya kwanza akaweka mkoba wake chini.

Baada ya hapo kikao kilikuwa kingine. Mwenyekiti alimuuliza mwalimu aliona nini hasa, naye akasema alihisi kitu usoni na miwani ikaenda. Kama kilikuwa ngumi, kiganja au kona ya simu, hakuweza kuapa. Mwenyekiti aliuliza ujumbe ulikuwa wa nani. Mdogo wangu akaeleza habari za wakala na zamu, na yule aliyekuwa mhasibu akaandika kitu kwa kalamu yake mwenyewe. Nilipopata nafasi ya kusema lile la madhara makubwa, tayari nilikuwa nafunga mlango uliokwisha kufungwa. Walimrudisha shule. Simu ibaki nyumbani, walisema, na shule ikutane na familia.

Ningependa kusema ni hoja yangu iliyoshinda. Inawezekana ilichangia. Inawezekana pia kwamba yule mwalimu alikuja akiwa ameshaamua kusema vile, na angesema hata kama mama angekaa kimya kama nilivyomwagiza. Sina njia ya kupima.

Kwenye basi mama alikaa mbele yetu, akitazama nje.

"Sikuikumbuka ile plasta," nilimwambia mdogo wangu. "Nilikuwa chuo?"

"Ulikuwa chuo."

Mama akacheka bila kugeuka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Plasta gani? Plasta ilikuwa ya ule mtoto. Huyu ndiye alikuwa juu ya baiskeli."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anasoma tangazo la meno lililobandikwa juu ya dirisha.

"Mama! Na ulikaa kimya?"

"Weye si ulisema nikae kimya?" Akageuka sasa, akafuta macho. "Na mama ya ule mtoto aliomba msamaha vilevile. Hiyo hakudanganya."

"Na mwalimu?" nikamuuliza mdogo wangu. "Ulimpiga au hukumpiga?"

"Yaya," alisema, kwa Kiingereza na kwa uchovu, "si nimerudishwa? Unataka nini tena?"

Nilitaka kujua. Hilo tu. Lakini basi lilifika kwenye kituo cha mama, akashuka kwenda kumwogesha mtu.

Jumatatu niliwasindikiza mama na mdogo wangu kwenye ule mkutano wa shule na familia. Simu ya mdogo wangu ilikuwa nyumbani, na ujumbe wa wakala ulikuwa umerudi kwangu, kama zamani. Mwalimu wa nidhamu alikuwa mapokezini. Mama alimshika mkono, akamwomba msamaha tena. Safari hii kijana hakusubiri. Alimwomba radhi papo hapo, akainamisha kichwa kidogo, vibaya, lakini aliinamisha. Mama akaniambia ningoje nje, eti maneno yaliyobaki ni ya wao watatu.

Mlango ulikuwa na kioo. Niliwaona wameketi, mdogo wangu katikati. Mama alinyoosha mkono wake hewani, akauvuta nyuma ghafla kama anayechomoa simu, akimuuliza jambo mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa, akasimama, akaonyesha kwa mkono wake namna nyingine. Mama akampinga. Mdogo wangu akasema kitu, na wote wawili wakamgeukia.

Simu ikalia mfukoni mwangu. Zamu ya jioni, Thamesmead, anayeweza ajibu. Niliinama nikaandika ndiyo, na nilipoinua kichwa walikuwa wameshamaliza, wanacheka, na mama anafunga vifungo vya koti.