Wembe Mmoja kwa Ukoo Mzima

Wasomaji wangu, habari mumeshaisikia: muuza simenti wetu, yule aliyekuwa akileta mifuko kutoka Kabimba, amekufa. Wanasema ni ugonjwa wa ghafula. Mimi nilikuwa karibu, na ninawaambia haukuwa wa ghafula. Ulikuja polepole, tukiutazama.

Sikusoma sana, mnajua, kwa hiyo mniache nizunguke kidogo. Kipara kilimwanza angali kijana. Sokoni wasichana wa rika lake walimwita Koko, kama babu yao. Alicheka nao, kisha akaja kwangu kukaa kimya. Mwaka huu alienda Dar es Salaam kufuata mizigo, akarudi na kofia, uso umevimba kama muntu aliyeumwa na nyuki. Akanionyesha. Kisogoni, pale walipong'oa nywele na mizizi yake, kulikuwa na alama ndogondogo. Mbele, pale walipozipanda, vigaga vya damu vimejipanga kama miche ya vitunguu. "Sindano za ganzi njo zinauma, Papa," aliniambia. "Kisha unalala mchana kutwa, wanapanda moja moja." Daktari alimweleza yote: uvimbe utashuka hadi machoni, kisha utaisha, asijikune, maji ajimwagie taratibu, jua hapana, kuoga ziwani hapana. Baada ya majuma kadhaa nywele zenyewe zitaanguka, asiogope, mizizi inabaki, na mpya zitachipua miezi ikipita. "Na wembe?" nikauliza. "Wembe hapana kabisa, mpaka aseme yeye." Nikamuuliza kama nyumbani wanajua. "Nani? Wanicheke mpaka Moba?"

Vigaga havijaanguka, kaka yake akafia Pepa, kule kwenye ng'ombe. Kwao, siku ya kuondoa matanga, ukoo wote hunyolewa kwa wembe mmoja, toka kichwa hadi kichwa, kusudi huzuni isigawanyike. Anayekataa hutazamwa vibaya. Watasema labda njo yeye aliyemla marehemu. Niliona zamu yake inakaribia, nikamwambia baba yake mdogo, ambaye alikuwa akinyoa: "Papa, huyu umuache, ana vidonda kichwani." "Vidonda gani?" mzee akamuuliza. "Kaka yako yuko chini, weye unaficha kichwa?" Shangazi mmoja akadakia: "Pale kuna nini cha kunyoa? Mumpitishie kitambaa tu." Wakacheka. Rafiki yangu akanitazama, akavua kofia mwenyewe. "Ni upele, Papa. Huyu mzee anapenda kukuza mambo. Nyoa."

Damu ilishuka mpaka kwenye nyusi, naye hakupangusa. Kisha ikaja homa, akasema ni malaria. Kisha ikaja harufu chini ya kofia, nayo hakuitaja. Alipokubali kupelekwa hospitali, alikuwa hatutambui tena. Daktari akasema uchafu umeshaingia kwenye damu.

Nimezika watu wa vita na watu wa ziwa, na wote niliwalilia bila maswali. Huyu ananisumbua. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini yeye hakuwa na maradhi, alikuwa na hamu tu ya kuitwa kijana. Siku hizi muntu anapanda boti, anavuka, anarudi na mwili mwingine, na sisi tunampokea kwa mikono ileile. Hatumuulizi. Naye anaogopa kicheko chetu kuliko kaburi.

Jumamosi tunaondoa matanga yake. Jana nilienda kwa yule baba yake mdogo, nikamweleza habari ya kichwa kile tangu mwanzo, nikamwomba safari hii kila muntu aje na wembe wake, tena aulizwe pembeni kabla hajaguswa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa. "Ukoo moja, wembe moja, Papa," akasema, akaendelea kupanga viti.

Kwa hiyo ninawaambia ninyi, maana yule baba mdogo hakunisikia. Ukitengeneza mwili wako, popote, hilo ni lako. Lakini ukirudi, yule atakayekushika kichwa siku ya msiba, mwambie kabla msiba haujafika. Hautangoja vidonda vikauke.