Asubuhi Kinga Zilipobebwa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mama alizoea kuwaambia wageni kwamba mimi ni nguzo ya katikati: ukinitoa nje, paa litaanguka. Sekondari nilisoma kwa sababu shule ilikuwa ng'ambo ya barabara yetu. Ingekuwa nyuma ya kilima, hata jina langu ningekuwa naandikiwa na wengine. Vita vilipofunga njia na majirani wakalia kwamba hakuna tena pa kwenda, Mungu anisamehe, mimi sikuona kilichobadilika.

Tuliishi barabara ya kuelekea Masako, upande ule wa mto Tshopo ambao lazima uvuke daraja ndipo useme umefika Kisangani. Meli hazikupanda tena mto, mafuta yakaisha, na magari yakafa moja moja. Mji mzima ukahamia juu ya kinga. Kinga ndiyo baiskeli yetu, na waliobeba abiria kwa kinga tuliwaita toleka, neno la Kilingala la mtu anayesema "tupite". Walipita kweli. Kizingitini kwangu, kikombe cha chai mkononi, niliwaona wakipitisha nguruwe wazima, milango, majeneza, na bibi arusi mmoja aliyekaa upande upande akishikilia shela. Nikadhani nimewaona.

Ndipo askari wa daraja wakatoa amri. Kinga zimejaa mno mjini, walisema, pale sokoni watu wanagongana, kwa hiyo anayeingia asubuhi alipe. Mji ambao magari yake yamekaa juu ya matofali na kuku wanatagia kwenye viti, sasa unatoza watu kwa msongamano! Wakasimamisha ubao kando ya kizuizi, wenye herufi nyeupe: KINGA YA KUBEBA MUTU INALIPA.

Hayo yangenihusu nini? Tatizo ni kwamba mwaka ule mtihani wa mwisho, ule wa diplome, haukufanyiwa ng'ambo ya barabara. Kituo kilikuwa katikati ya mji. Kengele ya pili ikilia, geti linafungwa, na aliyebaki nje anangoja mwaka mwingine. Na katika siku zile hakuna aliyekuahidi mwaka mwingine. Mama alipiga pasi shati langu jeupe mara mbili, akamwita mdogo wake.

Tonton, yaani mjomba, alikuwa toleka. Miguu yake ilikuwa ya chuma, lakini bega moja lilikuwa limeteguka zamani akishusha magunia bandarini, na tangu hapo hakuinua kitu kizito kuliko sahani yake.

"Panda, nguzo," aliniambia alfajiri. "Na usinikumbatie hivyo, mimi si bibi yako."

Njiani mpira wa nyuma ukatoboka. Pesa ya kizuizi ikaenda kwa fundi wa viraka, na tulipofika darajani jua lilikuwa limetoka na barabara imeziba. Nyuma yetu na mbele yetu kinga, kinga, kinga: zenye madumu ya mawese, zenye makaa, zenye mama na mtoto. Wasio na pesa walirudishwa. Nilianza kutoka jasho kwenye shati la mama.

Tonton alisukuma mpaka mbele. "Chef, mwanangu iko na examen. Pesa nitarudi kulipa mchana."

"Mchana nitakuwa nimelala," askari akasema. "Soma ubao."

Tonton akausoma. Akausoma tena, midomo ikitembea, kama mtu anayeonja mchuzi. "Chef, hapa inasema kinga ya kubeba mutu."

"Ndiyo."

"Na kama ni mutu ndiye anabeba kinga?"

Askari akauangalia ubao kana kwamba umemsaliti. Halafu akacheka, maana alidhani amepata mchezo. "Bon. Anayebeba, apite bure. Na hata tairi moja isiguse daraja. Alors, papa, beba!"

"Mimi bega langu iko mbovu," tonton akasema kwa upole. "Huyu ndiye atabeba."

Mama mmoja mwenye beseni la kwanga, mikate ya muhogo, akapiga kofi. "Huyu? Mwenye mikono nyembamba kama muti ya pondu? Jameni, mushikieni kwanza yeye!"

Ningependa kuandika kwamba niliinua kinga ile kwa mara moja. Mara ya kwanza ilinilalia. Mara ya pili mama yule wa kwanga aliweka beseni chini, akavua kitambaa chake, akanikunjia kata, akaipachika kichwani pangu. "Kaza shingo, mutoto ya chai," akasema, na yeye na tonton, kwa mkono wake mzima, wakanipandishia. Pedali ikanichoma sikio, mnyororo ukanilamba shavu na mgongo wa shati. Nikatembea. Niliona mbao za daraja na viatu vyangu tu, na chini, kati ya mbao, maji meupe ya Tshopo yakikimbia.

Nilikuwa karibu katikati niliposikia sauti nyuma yangu, kama kundi kubwa la ndege likiamka. Sikuweza kugeuka. Ng'ambo, tonton aliponitua mzigo, ndipo nikageuka.

Daraja lote lilikuwa limebeba. Hakuna aliyekuwa amekaa juu ya kinga, wala tairi iliyogusa mbao. Walikuwa wamezipandisha vichwani na mabegani, wengine wawili wawili, na magurudumu yakizunguka polepole hewani bila kazi yoyote, kila spoku ikishika jua na kuliachia. Ukungu wa maporomoko ya mto uliwafika kiunoni. Watu wale niliowatazama miaka miwili kutoka kizingitini, nikiwaonea huruma kwa kuchoka, walikuwa wanakuja kimya, shingo wima, kama watu waliobeba kitu cha kanisani. Askari alikuwa ameinua mti wa kizuizi na kusahau kuushusha.

"Twende," tonton akasema.

"Ngoja kidogo."

"Geti, nguzo! Leo ndiyo umeona barabara ni tamu?"

Alinivuta kwa ukosi. Tuliteremka mpaka katikati ya mji, kengele yake ikilia mfululizo, na yeye akipiga kelele toleka, toleka, mpaka hata mbuzi walielewa. Kengele ya pili ilikuwa inalia mlinzi alipokuwa akivuta geti. Akaniona: grisi ya mnyororo shavuni, shati jeupe limepigwa mhuri wa meno ya gia, kata ya kitambaa cha maua bado kichwani.

"Na wewe unatoka wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

Akacheka mpaka mkono ukalegea, na mimi nikapita katika uwazi uliobaki, kwa upande, kama barua.

Kesho yake, tulisikia, ubao ule uliongezewa mstari: AO YA KUBEBWA. Lakini mimi nilikuwa ndani. Niliketi dawati la dirishani, na kabla ya kusoma swali la kwanza nilifumba macho kidogo ili niyaone tena magurudumu yale.