Siku Upara Wangu Ulipogeuka Mwezi

Nitasema mwenyewe kabla hamujasikia kwa wale mama wanaoanika ndakala ufukoni, maana wao wakisimulia wanaongeza chumvi mpaka samaki haliki: ndiyo, ni mimi, Papa Kisimba, mwenye mitumbwi minne na nyumba ya bati hapa Kalemie, ambaye mutoto wake wa kike alimushika mabega muchana kweupe, mbele ya wakwe, akamusimamisha kama mbuzi wa soko, watu wakamuzunguka wakitazama upara. Ni mimi. Mucheke, halafu munyamaze munisikilize.

Masomo niliyaachia darasa la pili, sikatai. Lakini vyote nilivyo navyo nilivipata kwa mikono hii, na mwezi ninaujua kuliko kalenda. Muvuvi wa ndakala anaishi kwa mwezi. Tunavua na taa, taa inawaita wale samaki wadogo kwenye giza, na mwezi ukijaa taa zetu hazina kazi tena, samaki wanatawanyika, basi wanaume wanakaa inchi kavu wanashona nyavu na kugombana na wake zao. Ndiyo maana kwetu siku za mwangaza njo siku za ndoa. Ukioza mutoto wakati wa giza, nani atacheza, wanaume wote wako ziwani?

Basi siku ile Felisi, kijana mwalimu, alikuja na mujomba wake Papa Ilunga kutoka Nyunzu, kupanga siku ya ndoa yake na binti yangu Mado. Tangu asubuhi sikutulia. Nilivaa koti, nikalivua, nikalivaa tena, nikahesabu viti (vilikuwa sita, na kila nilipovihesabu vilikuwa sita), nikaenda kuchungulia jikoni mpaka muke wangu akanifukuza na mwiko. Ukweli ni kwamba Felisi alikuwa ananisumbua roho. Ni kijana mupole, hana kosa, lakini ana diplome, na kila aliponyamaza mimi nilisikia kama ananyamaza kwa Kifaransa.

Tukala bukari, ule ugali wetu, na samaki, tukanawa, mujomba akaanza:

— Papa Kisimba, tuweke siku gani?

— Leo mwezi uko nusu, nikamujibu. Huu tuuache ujae na upite, tujitayarishe. Ule wa kufuata, ukiwa muzima, tunacheza.

— Vizuri. Na weye unayeujua hivi, mwezi unapungukaga juu ya nini?

Ingetosha niseme sijui. Neno dogo, halina hata uzito wa ndakala mumoja. Lakini Felisi alikuwa ameinua macho, anangoja.

— Ni kivuli, nikasema. Kivuli cha dunia. Dunia inauzibia jua, inaukata kidogo kidogo.

(Hilo sikulitunga. Zamani mwezi ulipatwa, ukawa mwekundu kama kaa la moto, na muntu mumoja wa bandari mwenye masomo akatuambia kile ni kivuli cha dunia. Nikaliweka neno lile mufukoni, nikawa ninalitumia kwa kila jambo la mwezi, kama wale wanaotibu malaria na kidonda kwa kidonge kimoja.)

Felisi akakohoa.

— Samahani, Papa. Siku ya kupatwa, ndiyo, ni kivuli. Lakini hii ya kila mwezi...

— Lakini nini?

— Hapana kitu, Papa.

Angeishia hapo, tungepanga tarehe na wageni wangerudi kwao. Lakini mujomba wake akamugonga na kiwiko.

— Sema, mutoto! Tulikupeleka shule juu ya nini?

— Si kivuli, Papa, akasema polepole.

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Kuambiwa habari za mwezi, mimi, ndani ya nyumba yangu, kwenye kiti changu! Nikasimama.

— Kijana, wakati weye ulikuwa unakula vumbi la chaki, mimi nilikuwa ziwani na mwezi wenyewe. Tutoke nje, uko juu. Ukinionyesha kama si kivuli, Mado ni wako. Ukishindwa, chukua mujomba wako murudi Nyunzu.

Jikoni kitu kikaanguka. Nilitaka kulivuta lile neno lirudi, lakini neno si ndoana, halina kamba. Nikatangulia kutoka.

Kutoka mulangoni kwangu mpaka ufukoni ni hatua chache, na saa ile, karibu saa kumi, mama wote walikuwa pale wanageuza ndakala juu ya muchanga. Mwezi ulikuwa juu ya ziwa, mweupe kama kipande cha muhogo, nusu ya juu inaonekana, ya chini hakuna.

— Tazameni! nikapiga kelele, maana nilitaka mashahidi (mujinga mimi). Kivuli kimeukata katikati!

— Papa, jua liko wapi? akauliza Felisi.

— Nyuma yetu, upande wa vilima. Hata mutoto analiona.

— Na kivuli chako kinaangukia wapi?

Nikaangalia. Kilikuwa mbele yangu kwenye muchanga, kimelala, kinaelekea ziwani.

— Cha dunia nacho kinaenda kule jua halipo, Papa. Kinashuka chini kabisa, chini ya ziwa. Mwezi uko juu pale. Kinaufikia namna gani?

Mama Salima, ambaye ana ndakala nyingi kuliko wenzake na mudomo pia, akapiga makofi:

— Papa Kisimba, kivuli chako kimepotea njia!

Wakacheka wote. Mujomba naye akacheka, halafu akajifanya anakohoa.

— Basi ni nini kinaukata? nikauliza, jasho linanitoka ndani ya koti.

— Hakuna kinachoukata. Nusu yake inaangaziwa na jua siku zote. Sisi njo tunaiona kwa upande. Ningekuwa na mupira ningekuonyesha.

Hapo nikaona mulango wa kutokea, nikajiona mwenye akili sana. Kwetu mukwe hamugusi baba ya muke wake, na kichwa ndiyo kabisa, hata kukikazia macho ni matusi. Nikavua kofia. (Upara niliupaka mafuta asubuhi kwa heshima ya wageni.)

— Mupira hakuna. Kitu cha muviringo hapa ni hiki. Kitumie, kama unaweza.

Felisi akarudi nyuma, akainamisha macho. Nimeshinda! Nilikuwa tayari nageuka kuelekea nyumbani wakati niliposikia sauti nyuma yangu.

— Yeye hawezi. Mimi naweza.

Ni Mado, unga wa bukari bado mikononi, mama yake anamufuata nyuma. Akanishika mabega.

— Papa, tulia.

— Mado!

— Tulia, Papa. Mama Salima, simama huku, jua likupige mugongoni. Papa Ilunga, weye pembeni. Mama, nenda upande wa ziwa. Museme munaona nini.

— Muzima! akaimba Mama Salima. Unang'aa wote!

— Mimi naona nusu, akasema mujomba, safari hii bila kukohoa.

Na muke wangu, mama ya watoto wangu, kutoka upande wa ziwa:

— Huku ni giza! Leteni taa tuvue!

Wakabadilishana nafasi, wengine wakaja, ufuko muzima ukanizunguka unaita "nusu!" "kipande!" "muzima!", nami katikati, mabega yamebanwa na mikono ya binti yangu. Felisi akasema, macho bado chini, kwamba tofauti ni moja tu, mwezi wenyewe njo unatuzunguka sisi, lakini kuona ni kule kule. Nikaelewa. Hilo ndilo liliuma zaidi: nikaelewa mara moja.

Nilitaka kuondoka kwa heshima. Nikajitoa mikononi mwa Mado, nikarudi nyuma hatua moja, mbili, ya tatu ikateleza, nikakalia ndakala za Mama Salima na koti langu lote.

Watu wakalia kwa kucheka. Mado hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akanishika koti kwa mikono miwili kama muntu anayeogopa kuzama.

— Papa, ulisema. Ulisema mbele ya watu.

Ningeweza kubisha hata pale, samaki wamenijaa mufukoni. Mudomo ulishafunguka. Nikamutazama.

— Nilisema, nikajibu. Ni wake.

Akaanza kunitoa ndakala kwenye koti, mumoja mumoja, na machozi yakamudondoka.

Mwezi wa kufuata, ukiwa muzima, tulicheza, na nilicheza bila kofia. Tangu siku ile nikiulizwa nisichokijua nasema sijui, na nimeona neno lile halichomi ulimi. Kuhusu kumuweka tena mutoto wangu kuwa dau la mabishano yangu, hapo naapa: hata niambiwe ziwa limekauka, nitakubali tu.

Ila wale mama hawajachoka. Kila nikipita ufukoni wananiita:

— Papa Kisimba! Leo uko nusu ao muzima?

Nami siwapi nafasi, nawajibu huku natembea:

— Niko muzima siku zote. Nyinyi njo munasimama vibaya.