Kartushi za Vibuyu

Nakumbuka sauti kabla sijaikumbuka siku yenyewe. Ni sauti ya ganda tupu la kartushi, ile risasi ya bunduki ya uwindaji, likiangukia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Linalia ngring, linagaagaa kidogo, halafu linanyamaza. Mpaka leo nikiosha vyombo, kijiko kikiniponyoka na kuangukia sufuria, ninageuka kuangalia nani amelenga.

Mwanangu, umenitumia picha kwenye telefone. Umevaa kofia, umeziba masikio, bunduki iko begani, na nyuma yako wasichana wenzako wa klabu wanacheka. Umeniandikia kwamba munashindana kupiga sahani za udongo zinazorushwa hewani, kwamba unatafuta bunduki yako mwenyewe, na kwamba mwalimu wenu atakufundisha kujaza kartushi kwa mkono. Ukaniomba baraka. Mama yako, mdogo wangu, alinipigia akilia. Mimi sikulia. Nilikaa na telefone mapajani mpaka kioo kikazimika. Jibu langu lina miguu mirefu, kwa hiyo univumilie. Mwenda pole hajikwai.

Wakati ule mama yako alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tulikaa Mushaki kwa Papa mukubwa, kaka wa baba yetu, aliyetulea baada ya baba kufa. Alikuwa mkulima wa maharage na viazi kama wengine wa milima ile, lakini alikuwa na bunduki ya uwindaji yenye karatasi zake za ruhusa, na kila Jumatatu ya Pasaka watu wa vilima vyote walikuja malishoni kwetu kushindana. Kamba ilifungwa katikati ya mikaratusi miwili, vibuyu vikaning'inizwa, na mtu mmoja akakaa mbali akivuta kamba ili vibuyu vicheze. Mwenye kuvunja vingi alipewa mbuzi, na mbuzi huyo alikuwa wa kuliwa na wote, hata waliokosa.

Kulikuwa na sheria moja ambayo sijaisikia mahali pengine. Ukishalenga, huambiwi umepata ao umekosa mpaka ganda lako tupu lilie katika kopo la Papa mukubwa. Hata kama kibuyu kimepasuka mbele ya macho ya wote, watu walinyamaza. Ganda likilia, njo Papa mukubwa anasimama na kutangaza. Alifanya hivyo kwa sababu maganda yalikuwa adimu, na ni yeye aliyeyajaza upya. Lakini alipenda kusema kwamba mtu arudishe kwanza alichotumia, ndipo adai sifa.

Mimi nilikuwa mwenye kubeba kopo. Shule yangu iliishia primeri, lakini ndoto zangu hazikuwa na mwisho. Siku moja sabuni niliyonunua dukani kwa Papa Kambale ilifungwa katika ukurasa wa gazeti la ng'ambo, na juu yake palikuwa na picha ya mwanamke mwenye kofia akilenga angani. Niliubandika ukutani kwa ugali wa moto. Kila asubuhi nilimsalimia: Jambo dada, tutaonana.

Huyo Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pande za Butembo, mtu wa misa kila Jumapili, mwenye duka na gari la mizigo lililokwenda mpaka Walikale. Mwaka mmoja alileta bunduki mpya, ubavuni imechorwa ndege wa fedha anayeruka. Watu wote waliishika. Papa mukubwa alimwambia, "Kambale, funga macho."

"Ya nini tena?"

"Funga macho, beba bunduki mupaka begani, halafu fungua. Kile kidoti cha kulengea, pale mbele, kiko wapi?"

Kambale akafumbua. "Kiko naangalia mbingu."

"Basi hiyo bunduki ni ya mutu mwingine. Bunduki ni sawa na jembe. Haichaguliwe na macho, inachaguliwa na bega."

Kambale hakusikia. Siku ya Pasaka alikosa vibuyu vyote, na mara ya mwisho akakata kamba, vibuyu vyote vikaanguka pamoja. Akatupa ganda katika kopo langu kwa fahari na kusema, "Tangaza, muzee. Nimeangusha yote."

Papa mukubwa akasimama. "Kambale ameua kamba," akatangaza. Malisho yote yalicheka mpaka ng'ombe wakakimbia.

Kazi ya kujaza kartushi Papa mukubwa aliifanya mchana, mlango wazi, moto umezimwa, na redio imefungwa. Alinifundisha kidogo kidogo. Kwanza kufuta maganda na kuyachungulia kama yana ufa. Mwaka uliofuata, kupima baruti kwa kijiko chake cha pembe, kijiko kimoja kwa ganda moja, bila kuongea. Nikianza kuimba, alifunika kila kitu na kuniambia nitoke nje nimalize wimbo wangu kwanza. "Baruti haina undugu," alisema. Mwishoni kabisa nilifunga midomo ya kartushi kwa nta ya mishumaa iliyobaki kanisani, na kila aliyeona alisema midomo yangu ni mizuri kuliko yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema. Mimi sikulitia maji, lakini kichwa changu kilivimba kweli.

Mara nyingi walinzi wa mashamba walikuja kumwomba awajazie kartushi nzito za kuwapiga wezi. Aliwapa viazi, akawarudisha. "Yangu ni kartushi za vibuyu," aliwaambia. "Kibuyu hakina mama."

Jioni moja aliniachia ile bunduki ikiwa tupu, akiwa ameifungua na kunionyesha mwanga ukipita ndani ya mtutu. Nilifumba macho, nikaipandisha begani, nikafumbua, nikakuta kidoti kiko pale pale nilipotaka. Papa mukubwa akaipokea, akaifuta kwa kitambaa.

"Pasaka inakuja, utasimama kwenye mustari ya wenye kulenga," akasema.

Habari ilienea. Papa Kambale alikuja kubishana. "Muzee, mwanamuke akilenga, nani atapika mbuzi?"

"Weye. Kwani uko na kazi gani ingine pale?"

Mwanangu, sijawahi kufurahi kama mwezi ule. Nililima nikilenga, niliteka maji nikilenga. Nilimwambia yule dada wa ukutani kwamba siku imekaribia.

Pasaka ile haikufika. Vita ilitangulia. Ilianza kama milio ng'ambo ya milima, upande wa Walikale, kisha karibu zaidi, milio ambayo hakuna kopo lililoifuata. Watu walipita barabarani na magodoro vichwani. Vijana wenye silaha walizunguka nyumba kwa nyumba, wakachukua bunduki zote za uwindaji, hata yule ndege wa fedha wa Kambale. Papa mukubwa aliitoa yake pamoja na karatasi zake. Walipoondoka alikusanya kijiko cha pembe, vifaa vyake na baruti iliyobaki, akavitumbukiza chooni. Akabakiza kopo tu, na tukaweka chumvi ndani yake.

Nilimfuata nikinung'unika. "Papa, na Pasaka yangu?"

"Pasaka inarudiaka," akasema. "Kitu iliyoingia katika mwili ya mutu hairudi."

Wale vijana wakaja tena, adhuhuri. Tulikuwa tunachambua maharage uani, na mengine yalikuwa motoni. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, na aliongea kwa adabu.

"Muzee, tunasikia mikono yako inajua kujaza kartushi."

"Ilijua. Sasa inajua maharage."

"Vyombo viko wapi?"

"Chooni. Shimo iko pale nyuma. Kama munataka, muingie."

Mmoja wao alicheka, akakatizwa na jicho la mkubwa. "Vyombo tutapata. Utaenda na sisi." Kisha akanigeukia. "Na huyu binti? Watu wanasema njo anakusaidiaka."

Mwanangu, ulimi wangu ulikuwa tayari. Sikuwa na woga wa kutosha. Kwa miaka nilisifiwa kwa kazi ile, na mtu anapouliza kama unajua unachokijua, jibu linatoka lenyewe. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Huyu?" Papa mukubwa alinitangulia, na sauti yake sikuijua. "Huyu kichwa yake iko tupu kama kibuyu. Nilimupa kazi ya kuokota maganda, hata hiyo ilimushinda. Ugali yake inaunguaka kila siku. Muchukue, mutaona. Kesho mutanirudishia na hasira juu."

Wakacheka. Mimi nikafunga mdomo na machozi yakatoka yenyewe. Hakuwa amenitukana hata siku moja tangu nizaliwe. Nilifikiri: kumbe njo hivi aliniona siku zote.

Wakamwambia avae viatu. Mama mukubwa, mke wake, alimletea koti, akamvalisha. Alipopita mbele yangu hakusimama.

"Angalia maharage, isiungue, mujinga weye."

Hayo njo maneno ya mwisho niliyosikia kwake. Sikuangalia maharage. Niliingia ndani nikalia kwa hasira, na siku ile yaliungua kweli.

Sisi tulikimbilia Sake, mama yako mgongoni kwangu ingawa sasa alijua kutembea. Kila mtu aliyetoka pande za msitu, walikompeleka Papa mukubwa, tulimwuliza habari zake, na kila mmoja alitikisa kichwa. Mvua zikapita. Mwishowe alikuja Papa Kambale, bila gari, amekonda, shati limekuwa kubwa kwake. Alikuwa amekwama Walikale muda wote ule. Alimwomba Mama mukubwa aketi.

"Muzee alilala Kibua, kule musituni," akasema. "Wakristo wa kule walimuzika vizuri. Wanasema ilikuwa homa."

Wanasema. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mama mukubwa alijifunika uso kwa kitenge. Mimi nilisikia moyo unaniuma na bado nina hasira naye, vitu viwili katika kifua kimoja. Nikasema kwa sauti, "Aliniita mujinga mbele ya watu."

Kambale aliniangalia kama mtu asiyeelewa swali. "Mutoto," akasema, "mbele ya vita kuingia kwenu, alikuja kwangu dukani. Alikaa juu ya gunia hapa hivi. Akaniambia: Kambale, yule mutoto mikono yake imepita yangu. Niliifundisha kwa ajili ya kucheza, sasa iko nanikosesha usingizi. Wakijua, nitamuficha wapi?"

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Papa mukubwa aliyaficha, mchana, mbele ya wenye bunduki, na mahali pa kuyaficha palikuwa ndani ya tusi.

Kambale aliongeza jambo moja. Huko msituni kartushi alizowajazia hazikulia. Zilikohoa tu. Waliozitumia walisema ni unyevu wa msitu wa Walikale. Huenda. Lakini mimi nilifanya kazi na mtu yule. Katika mvua zote za Mushaki, sikuona kartushi yake hata moja iliyokohoa.

Basi sikia, mwanangu. Sikukatazi kulenga. Mchezo haukumuua Papa mukubwa, na sitaki uogope kitu kwa sababu mimi ninakiogopa. Ukichagua bunduki, funga macho kwanza, wacha bega likuambie. King'aacho waachie wenye kuua kamba. Ukijaza, nyamaza, na moyo wako nao unyamaze. Siku ukiwa na huzuni ao hasira, funika vyombo utoke nje. Unachokijua kwa mikono usikipige tarumbeta, kwa sababu ufundi hauna mlango. Leo anaingia mwenye kucheza, kesho anaingia mwenye kuua, na wote wawili watakusifu. Ujue mapema utamwambia nini yule wa pili. Papa mukubwa alijua jibu lake tangu siku za walinzi na viazi, ndiyo sababu siku ile hakulitafuta.

Na mtu anayekupenda akikutolea neno kali mbele ya watu, usiharakishe kulia. Angalia kwanza nani mwingine amesimama pale.

Mungu aliyemlaza Papa mukubwa katika udongo wa Kibua akulaze wewe kitandani kwako, ukiwa umezeeka. Mikono yako iwe na ujuzi, na ujuzi wako usiwe na damu. Sahani zako zivunjike zote, na siku zitakapokataa kuvunjika, ucheke. Simama kwenye mstari, mwanangu. Simama kwa wawili.

Maana mimi pia nilisimama. Hili sijamwambia mtu. Tuliporudi Mushaki tulikuta nyumba haina mlango wala mabati, na ukutani palibaki alama tu ya ugali mkavu. Kopo la chumvi nilikuwa nimekimbia nalo. Asubuhi moja nilimwaga chumvi yake katika kitambaa, nikapanda malishoni peke yangu. Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Mkaratusi mmoja ulikuwa umekatwa kwa kuni, kwa hiyo nilifunga kibuyu kimoja kwenye tawi la ule uliobaki. Nikitafuta mahali pa mstari, mguu wangu ulikanyaga ganda tupu ndani ya majani, limeota kutu.

Nilifumba macho. Nilipandisha mikono mitupu mpaka begani, kama alivyonifundisha, nikafumbua. Kibuyu kilikuwa pale pale.

Nikainama, nikaliangusha lile ganda katika kopo. Lililia, likagaagaa, likanyamaza. Nilingoja kidogo, kama vile kuna wa kutangaza. Halafu nikakifungua kibuyu kutoka kwenye tawi, nikashuka nacho mtoni kuteka maji.